Sapoti za mkono na mguu zinazouzwa Moshi: zinamfaa nani, na nani anapoteza pesa

Gango jeusi la kifundo cha mkono, lile la neoprini nene lenye mikanda mitatu ya velkro na bapa la chuma upande wa kiganja, sasa linapatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa tiba ya Moshi, kuanzia yaliyo jirani na Mnara wa Saa hadi famasi ndogo za kuelekea Majengo na Soweto. Wauzaji na wanunuzi huliita sapoti, na bei niliyoikuta ni kati ya shilingi 25,000 na 35,000 kwa mkono mmoja. Kwa kuwa wengi wanaokuja kwenye chumba changu cha fiziotherapia huja wakiwa wamekwisha kulinunua, baadhi yao wakiwa wamelivaa mchana kutwa kwa miezi, nimeona lifanyiwe tathmini ya kina, pamoja na vifaa vingine vinavyopangwa nalo kwenye rafu moja. Hukumu yangu naitoa mapema: ni kifaa kizuri kwa ugonjwa mmoja wa mshipa mmoja wa fahamu, kikivaliwa usiku, na baada ya chuma chake kunyooshwa. Nje ya masharti hayo, isipokuwa hali moja nitakayoieleza baadaye, mnunuzi anapoteza pesa, na anaweza pia kupoteza muda ambao mshipa wa fahamu hauna subira nao.

Kisanduku chenyewe hakisaidii. Kimechorwa mkono wenye doa jekundu kwenye kifundo, na chini yake yameorodheshwa maumivu, ganzi, kuteguka, yabisi na uchovu wa misuli, kana kwamba yote hayo ni ndugu wa tumbo moja. Ganzi ya mkono si ugonjwa mmoja. Kiganja na vidole vinahudumiwa na mishipa mikuu mitatu ya fahamu, yaani mediani, alna na radiali, na kila mmoja una njia yake, mahali pake pa kubanwa, eneo lake la ngozi na misuli yake. Mshipa mmoja unapoumia peke yake, dalili hufuata mipaka ya eneo lake kwa uaminifu mkubwa, kiasi kwamba swali moja tu, “Ni vidole gani?”, hufanya kazi ambayo kisanduku na muuzaji wote wawili wameshindwa kuifanya.

Mshipa ambao gango hili lilitengenezwa kwa ajili yake ni mediani, unaobanwa ndani ya handaki la kifundo cha mkono. Sakafu na kuta za handaki hilo ni mifupa midogo, na dari yake ni ukano mpana na mgumu usiovutika. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole pamoja na mshipa huo mmoja, na hali yao haitofautiani sana na abiria wa daladala ya jioni: nafasi haiongezeki, na akiongezeka mtu, anayeumia kwanza ni yule aliye laini kuliko wote. Kinachoongeza msongamano huo kinaweza kuwa uvimbe wa ujauzito, kisukari, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kwa uvivu, baridi yabisi, unene, mfupa uliovunjika na kuunga vibaya, au kazi inayodai kukunja kifundo na kukaza vidole kwa nguvu siku nzima. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Hapa Moshi ninaowaona zaidi ni mafundi cherehani, wasusi, akina mama wanaofua kwa mikono, na wajawazito wa miezi ya mwisho, ambao nawatia moyo kwa sababu dalili zao mara nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Malalamiko yao yanafanana mno. Ganzi na kuchomachoma hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete inayotazama cha kati. Mtu huamka usiku wa manane akiwa na mkono unaowaka moto, akaukung’uta kitandani mpaka utulie. Mchana hali humrudia akishika bomba la daladala, akiendesha pikipiki au akishikilia simu sikioni. Zipo alama mbili ndogo ninazozithamini kuliko kipimo chochote cha haraka. Ya kwanza ni kidole cha pete: mgonjwa akigusa upande mmoja wa kidole hicho akaona ni mzito, na upande wa pili akaona ni mzima, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mshipa umeumia mkononi na si shingoni, kwa kuwa mizizi ya shingo haigawi kidole kimoja katikati kwa namna hiyo. Ya pili ni ngozi ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba, ambayo kwa kawaida hubaki na hisia zake, kwa sababu tawi linaloihudumia hutoka kwenye mediani kabla ya handaki na kupita juu yake. Kipimo cha kukunja vifundo kwa dakika moja, kinachojulikana kwa jina la daktari Mmarekani George Phalen, nakitumia pia, lakini peke yake hakinitoshi kuamua, maana wapo wagonjwa wa kweli ambao hakiwaletei chochote na watu wazima wa afya ambao huwachomachoma.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Shinikizo ndani ya handaki huwa dogo kifundo kinapokuwa kimenyooka au karibu na kunyooka, na hupanda kifundo kinapokunjwa kwa ndani au kwa nje. Usingizini watu wengi hukunja kifundo bila kujua, wengine wakiwa wamekilalia, na kazi pekee ya gango ni kuzuia hilo. Kasoro kubwa ya magango yaliyojaa Moshi ni kwamba chuma chake hutoka kiwandani kimepindwa kuelekea nyuma kwa takribani nyuzi 20 hadi 30, mkao unaopendeza machoni na unaorahisisha kushika vitu, lakini usiofaa kwa mediani iliyobanwa. Dawa yake ni rahisi. Bapa hutoka kwenye mfuko wake kwa kuvutwa. Likiwa la alumini hunyooshwa kwa mikono miwili kwenye ukingo wa meza, na likiwa la chuma kigumu fundi yeyote mwenye jiliwa atalinyoosha kwa dakika chache. Baada ya kulirudisha, mtu mwingine autazame mkono kwa ubavuni: mgongo wa kiganja na mgongo wa mkono viwe kwenye mstari mmoja. Nimewaona waliokuwa wakilalamika kwamba sapoti “haifanyi kazi” wakipata nafuu baada ya kunyoosha chuma hicho tu, bila kununua kitu kingine.

Urefu wa upande wa kiganja nao ni muhimu. Ukingo wa mbele usivuke mkunjo wa kiganja ulio karibu na vidole, ili mgonjwa aweze kufunga ngumi kamili. Magango mengi ya saizi kubwa niliyoyajaribu yanavuka, na matokeo yake ni vidole vilivyokakamaa asubuhi. Saizi ichukuliwe kwa utepe wa fundi cherehani kuzunguka kifundo, si kwa kukadiria kwa macho kama wauzaji wanavyofanya. Mikanda ikazwe kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake, kwani velkro iliyobanwa kwa nguvu inaongeza mgandamizo tunaojaribu kuupunguza. Neoprini ina joto, na katika usiku wa Januari na Februari hapa Moshi ngozi hutoka jasho na kuwasha. Soksi ndefu ya pamba iliyokatwa ncha na kuvaliwa ndani inamaliza tatizo hilo. Kufua ni kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, chuma kikiwa kimetolewa, na kuanika kivulini.

Muda wa matumizi ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Nawaambia walivae kila usiku kwa wiki zisizopungua 6 kabla ya kulihukumu. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha gango la usiku na sindano moja ya dawa ya steroidi kwenye kifundo, kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi na za wastani. Baada ya wiki 6 waliochomwa sindano walikuwa na nafuu kubwa zaidi, lakini baada ya miezi 6 makundi mawili hayakutofautiana. Kwa hiyo anayeteseka sana na hawezi kulala azungumze na daktari kuhusu sindano, na anayeweza kuvumilia hana sababu ya kudharau gango. Kulivaa mchana kutwa sipendekezi. Mshonaji anayeshona akiwa nalo hupambana na chuma kila anapogeuza kitambaa, kisha huanza kulalamikia kiwiko na bega.

Na upo mstari ambao ukivukwa, gango halitoshi tena. Ganzi ikiwa haiondoki hata mchana, mtu akiwa anaangusha vikombe, au nundu ya nyama iliyo chini ya kidole gumba ikiwa imeanza kunywea ukilinganisha na mkono wa pili, mshipa unakufa, na anayehitajika ni daktari wa upasuaji wa kukata dari ya handaki. Upasuaji huo ni mdogo na wa muda mfupi, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu. Misuli iliyokwisha kunywea kabisa, hata hivyo, hairudi kwa uhakika, na ndiyo maana nasikitika ninapokutana na mtu aliyekaa mwaka mzima na sapoti.

Kuhusu huduma ya madukani, nilimsindikiza mama mmoja mshonaji kwenye duka ambalo sitalitaja, na mazungumzo yalikuwa haya, karibu neno kwa neno.

“Shikamoo, mama. Karibu.”

“Marahaba, mangi. Nataka sapoti ya mkono. Usiku unakufa ganzi.”

“Wa kulia au wa kushoto?”

“Wa kulia.”

“Hii hapa, mama. Elfu thelathini. Inatibu ganzi yote.”

Nilimwomba mama atuonyeshe ganzi iko wapi, naye akashika kidole cha mwisho na ukingo wa kiganja. Kwa sifa ya yule kijana, alisikiliza, akarudisha gango kwenye rafu bila kununa, na akauliza maswali ambayo yalionyesha kwamba hakuna aliyewahi kumweleza. Silaumu wauzaji peke yao. Walioagiza bidhaa hawakuweka hata karatasi moja ya Kiswahili ndani ya kisanduku.

Kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete ni eneo la alna, na mahali pake pa kawaida pa kubanwa ni kiwikoni, nyuma ya kile kifupa cha ndani ambacho ukikigonga mkono mzima unapata shoti. Ikiwa ngozi ya nyuma ya kiganja upande wa kidole cha mwisho nayo ina ganzi, basi tatizo liko juu ya kifundo, kwa sababu tawi la sehemu hiyo huachana na mshipa kabla haujafika kifundoni. Gango la kifundo hapo halina kazi yoyote. Wanaopatwa ni madereva wanaoegemeza kiwiko dirishani, mafundi wanaoegemea benchi, na watu wanaolala wamekunja kiwiko na kuweka mkono chini ya shavu. Udhaifu nao una sura yake: misuli midogo kati ya mifupa ya kiganja hunywea, hasa penye bonde kati ya gumba na shahada, na mgonjwa akiambiwa ashike karatasi kati ya gumba lililonyooka na kidole cha shahada huku wewe ukiivuta, gumba hujikunja kwenye ncha ili kuiba nguvu za mshipa mwingine. Alama hiyo ilielezwa na daktari Mfaransa Jules Froment mwaka 1915, haihitaji kifaa chochote, na hata muuzaji wa duka anaweza kuifanya kaunta ikiwa tupu.

Sapoti ya kiwiko inauzwa pia, ni soksi ya mpira yenye mto mdogo, kwa shilingi 15,000 hivi. Siipendekezi. Inabana mahali penyewe palipobanwa. Taulo lililokunjwa na kuzungushwa kiwikoni kabla ya kulala, likafungwa kwa kipande cha kanga kisichokaza, huzuia kiwiko kukunjika kupita kiasi na kwa wengi wenye dalili nyepesi linatosha, mradi na tabia ya kuegemea iachwe.

Kabla ya kuiacha alna, lazima nitaje jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi hulitaja kwa mstari mmoja tu. Ukoma bado upo Tanzania, na mishipa ambayo vimelea vyake huipenda ni pamoja na alna kiwikoni na ule unaopita chini ya goti kwa nje. Mshipa hunenepa mpaka ukapapaswa nyuma ya kiwiko kama kamba, wakati mwingine bila maumivu, na ngozi mahali fulani mwilini huwa na baka lililopauka au jekundu lisilohisi. Mtu mwenye dalili za namna hiyo asinunue chochote dukani; aende kituo cha afya cha umma, ambako dawa za mchanganyiko za rifampisini, dapsoni na klofazimini hutolewa bure kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Mshipa uliovimba hivi karibuni hutibiwa kwa prednisoloni, na nafasi ya kuuokoa hupungua kadiri miezi inavyopita. Anayekuwa kwenye dawa haambukizi wengine, nasema hivyo kwa sababu hofu ya majirani ndiyo inayowaficha wagonjwa wengi majumbani.

Radiali ni hadithi tofauti, nayo ndiyo ile hali niliyoiahidi mwanzoni. Mgonjwa wake haji na ganzi ya vidole. Huja na kifundo kinachoning’inia, hawezi kunyanyua kiganja wala kunyoosha vidole, na ganzi, kama ipo, ni kiraka kidogo nyuma ya mkono kati ya gumba na shahada. Wengi huamini wamepata kiharusi. Mtu aliyekunywa mbege nyingi, akalala na mkono umening’inizwa juu ya mgongo wa kiti, huamka hivyo asubuhi, kwa sababu mshipa unapouzunguka mfupa wa juu wa mkono umekandamizwa usiku kucha. Kwake nguvu ya kunyoosha kiwiko hubaki, kwani matawi ya misuli hiyo huwa yamekwisha kutoka juu zaidi. Anayetumia magongo kwa kuyaegemea kwapani hupoteza hata nguvu ya kiwiko, maana mshipa umebanwa juu kabisa. Gongo lililopimwa vizuri huacha nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito hubebwa na viganja.

Kwa mgonjwa huyu gango jeusi la dukani linafaa kama lilivyotoka kiwandani, chuma kikiwa na pindo lake lile lile nililolilaumu, na livaliwe mchana, kwa sababu linanyanyua kiganja na kuvipa vidole uwezo wa kushika wakati mshipa unapona. Mshipa uliokandamizwa tu bila nyuzi zake kukatika hupona kwa wiki au miezi michache. Nyuzi zikiwa zimekatika, kama inavyotokea mfupa unapovunjika kwenye ajali ya bodaboda, huota upya kwa kasi ya takribani milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi, na hapo safari ya kutoka mkono wa juu hadi misuli ya chini ya kiwiko huchukua miezi mingi. Gango pamoja na mazoezi ya kukinga viungo visikakamae ndivyo vinavyotunza mkono kwa muda wote huo.

Mifuko ya elastiki isiyo na chuma, ya shilingi 8,000, na bangili za shaba au za sumaku zinazoning’inizwa karibu na kaunta, hazina msaada wowote kwa mshipa uliobanwa. Mfuko wa elastiki ukibana sana huongeza tatizo. Nimemaliza nazo.

Kwenye rafu ya chini hukaa gango la mguu, plastiki nyeupe yenye umbo la herufi L, linalouzwa kwa mtu ambaye unyayo wake unaning’inia na ndala zinamchomoka akitembea. Mshipa unaohusika mara nyingi ni peroneali, ambao huzunguka shingo ya mfupa mwembamba wa mguu chini kidogo ya goti kwa nje, ukiwa umefunikwa na ngozi na nyama kidogo tu. Kuchuchumaa kwa muda mrefu wakati wa palizi au kuvuna, kukaa miguu ikiwa imepishanishwa, bandeji ya plasta iliyobana, na kukonda ghafla, yote huweza kuubana. Namna ya kuutofautisha na tatizo la pingili za mgongo ni kumwomba mgonjwa ageuze unyayo utazame ndani: peroneali ikiwa imeumia peke yake, kitendo hicho hubaki na nguvu, mzizi wa mgongoni ukiwa ndio ulioumia, nacho hudhoofika. Mtoto ambaye mguu wake ulianza kuning’inia baada ya sindano ya makalio ni suala jingine, linalohusu mshipa mkubwa wa nyonga, na apelekwe hospitali bila kungoja kuona kama utarudi wenyewe.

Hilo gango la plastiki la dukani limenivunja moyo. Ni la saizi tatu tu, ukingo wake wa juu ni mkali, na kwa watu wafupi unaishia mahali penyewe mshipa unapopita, ukaubana upya, huku ngozi ya juu ya unyayo ikiwa haihisi vidonda vinavyoanza. Bei ya shilingi 60,000 kwa kitu hicho ni kubwa. Moshi ina bahati ambayo miji mingi haina: TATCOT, chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia na magango kilichoanzishwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, kimewafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na gango la mguu lililotengenezwa na fundi wa taaluma hiyo kwa kipimo cha mwenye mguu haliwezi kulinganishwa na la kwenye rafu. Anayeishi Himo, Marangu au hata Arusha, nauli ya kuja kupimwa ni pesa iliyotumika vizuri.

Mikanda ya bega nayo inanunuliwa na wapagazi wa mlimani, hasa wanaporudi na bega lililolegea baada ya kubeba mizigo ya siku kadhaa. Mkanda wa begi ukikandamiza bega kwa saa nyingi unaweza kuumiza mshipa mrefu unaohudumia msuli wa ubavuni, na bapa la bega likaanza kutokeza nyuma kama bawa mtu anaposukuma ukuta. Sapoti ya bega hairekebishi hilo. Kinachohitajika ni kupumzika kubeba mizigo, na kwa safari zijazo begi lenye mkanda wa kiunoni unaohamishia uzito kwenye nyonga.

Tathmini yote hii inahusu mshipa mmoja uliobanwa mahali pamoja. Ganzi ya miguu yote miwili inayopanda taratibu kutoka vidoleni ni picha ya mishipa mingi, na hapo cha kupima kwanza ni sukari. Udhaifu wa ghafla wa mkono pamoja na mdomo kupinda upande au maneno kukwama ni dharura ya kiharusi, na dakika zinahesabika.

Kwa gango la kifundo lenye chuma natoa alama nne kati ya tano, moja nikiipunguza kwa sababu ya pindo la kiwandani na karatasi ya maelezo iliyokosekana. Soksi ya kiwiko na gango la mguu la dukani hazipati zaidi ya moja. Anayenunua achague lenye bapa linalotoka, asikubali lile lililoshonewa ndani, na aombe ruhusa ya kulibadilisha ndani ya siku mbili tatu endapo saizi haitamkaa. Maduka mawili niliyoyauliza yalikubali, mradi kisanduku hakijachanika. Velkro huchakaa kwanza, hasa ikishika manyoya ya blanketi, lakini fundi cherehani yeyote wa sokoni hushonea mikanda mipya, na gango likaendelea kutumika. Saizi ndogo ya mkono wa kushoto ndiyo inayoadimika zaidi, hivyo anayeihitaji apige simu dukani kabla ya kupanda gari.